Mji Uliokaa Mkekani

Harufu ya vumbi linaloungua juu ya taa ya moto ndiyo inayonirudisha kambini, kambi ya wafanyakazi wa reli nilikozaliwa. Wenzangu wakikumbuka utoto wao husimulia udongo uliolowa mvua au sombe, majani ya muhogo, inayochemka jikoni. Mimi nina vumbi. Lilikaa wiki nzima juu ya mashine ya sinema katika chumba cha misheni, halafu Jumapili jioni, taa ikiwashwa ndani ya mashine, lilianza kuungua polepole, likachanganyika na petroli ya jenereta na ule moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha shaba uliotushukia kila upepo ulipogeuka. Moshi ule uliwasha koo na kuacha ladha ya sarafu mdomoni. Wazungu wa Élisabethville walijenga upande ambao upepo hauendi sana, sisi tukajengewa upande ambao hauachi kuja, na hakuna aliyeona ajabu. Mwaka jana fundi alikuja kwangu, hapa mtaa wa Hewa Bora, kutazama televisheni iliyokuwa imeharibika. Alipoiwasha bila kifuniko, vumbi la ndani likaanza kuungua. Nilisogeza uso karibu nikinusa mpaka akaniuliza, kwa jina letu la bibi, "Kambo, uko mugonjwa?" Nikamwambia hapana. Na kweli sikuwa ninaumwa popote. Hiyo ndiyo shida yangu tangu zamani.

Baba yangu, Ngoie, alikuja mjini kutoka Ankoro, kaskazini kule ambako mto Luvua unaingia Lualaba, akaajiriwa katika reli. Kazi yake ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikisimama alipita kando yake na nyundo ya mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kutega sikio. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti fupi iliyokwama. Akisikia sauti hiyo aliinua mikono yote miwili, na treni haikuondoka, hata kama ndani yake amekaa mzungu mwenye haraka. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake duniani, na aliipenda kuliko mshahara. Nyumbani aligonga kila kitu: sufuria mpya, kuta, boga kabla halijapasuliwa, hata paji la uso wangu nilipokuwa na homa, kisha alitikisa kichwa na kusema, "Iko muzima." Mama alimcheka. Alisema siku moja mume wake atagonga bukari, ugali wetu, sahanini kuona kama imeiva.

Jumapili baba alikuwa mtu mwingine. Alikuwa amesoma miaka michache misheni, alijua Kifaransa cha kutosha, na alikuwa na sauti iliyofika nyuma bila kupiga kelele. Basi mupe, ndivyo tulivyowaita mapadri, alimpa kipaza sauti awe anatueleza sinema. Pazia jeupe lilitundikwa kati ya milingoti miwili kwenye uwanja wa mpira, karibu na kichuguu kikubwa ambacho wajenzi wa kambi walishindwa kukibomoa. Watoto tulipanda kichuguu, akina mama walitandika mikeka yao mbele, wanaume walisimama nyuma mikono mifukoni, maana sinema ilikuwa mambo ya kiangazi, na kiangazi chetu kina baridi inayopenya mablanketi. Watu wa kambi walikuwa na sharti moja tu. Hawakukubali mtu apite kwenye pazia bila kuambiwa ni ndugu wa nani. "Ule iko mutoto ya nani?" waliuliza kwa sauti. Na mtu akitoweka kwenye hadithi walitaka kujua, "Ule wa kinga alienda wapi?" Kinga ni baiskeli. Filamu haikujibu, kwa hiyo baba alijibu. Alimpa mchunga ng'ombe wa Amerika mjomba mgonjwa, akampa polisi wa Paris shemeji, na watu wakaridhika. Mupe alijua Kiswahili vizuri na alisikia uongo wote huo, lakini alinyamaza. Naona alikuwa ameshagundua kwamba bila ukoo watu wangekunja mikeka wakarudi nyumbani. Baba walimwita Bwana Sinema, na mimi Veronika nilikuwa mtoto wa Bwana Sinema, nikapewa nafasi ya juu kabisa kichuguuni.

Mwaka ninaousimulia, mama alikufa mvua zilipokuwa zinakatika. Aliugua siku chache tu. Alitoka nyumbani kwenda hospitali amejifunga kitenge cha bluu, na kilichorudi ni kitenge. Kilio, ndiyo matanga, kilikaliwa kwetu kama desturi inavyotaka: viti na meza vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, viatu vikaachwa mlangoni, na wanawake wakakaa chini miguu wameinyoosha. Walikula chini, wakalala chini, wakaongea chini kwa chini, mpaka siku ya kumaliza. Kila aliyeingia alianza kulia mlangoni. Mimi sikulia. Sikukataa, nilingoja machozi kama mtu anavyongoja chafya, hayakuja. Mama Otilia, jirani yetu, mwanamke mwenye moyo mwema na mdomo usiokuwa na komeo, alinikumbatia akanitikisa. "Lia, mama, lia. Mama yako amekwenda kabisa." Bibi mmoja alinifinya paja kwa siri ili kunisaidia. Niliona vidole vyake, nikaona ngozi yangu ikikunjamana, lakini paja lile lilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku, unajua ni wako na haukuambii kitu. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Mimi hata kovu sikuliona, na ndilo lililowatia watu wasiwasi.

Shangazi Sabina, dada mkubwa wa baba, alifika baada ya maziko, kwa meli ya mtoni mpaka Bukama na kutoka hapo kwa treni. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mikono isiyotulia. Asionekane mbaya katika maneno yangu, kwa sababu hakuwa mbaya; alinisuka nywele, alinipikia matembele kama mama alivyoyapika, na usiku alinifunika. Lakini alinitazama sana. Jioni moja, kilio kilipokwisha na viti vimerudishwa ndani, alisema mbele yangu kama vile sipo: "Ngoie, mutoto mwanamuke hawezi kwikala mu nyumba paka na tata yake. Unatoka asubui sana, unarudia giza. Nani atamufundisha? Na huyu haana machozi. Atakauka mu roho. Nikirudia Ankoro, ninarudia naye." Tata ni baba, na paka kwa Kiswahili chetu ni tu. Baba alikuwa anakula. Alimaliza tonge lake kwanza. "Ndiyo, yaya," alisema, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Desturi ilikuwa upande wa shangazi, nalikubali hilo hata leo. Kwetu mtoto ni wa ukoo, si wa mlango mmoja, na mjane wa kiume aliyekaa peke yake na binti alionekana kama mtu asiye na ndugu. Lakini nilitaka kubaki. Ndilo jambo pekee nililolihisi msimu ule, na hata hilo nililihisi kwa mbali. Si kwa ajili ya shule wala marafiki. Nilitaka kubaki katika nyumba ambamo sufuria zilikuwa bado zimepangwa alivyozipanga mama, kubwa chini, ndogo juu, kifuniko kimegeuzwa. Mtu mmoja tu angeweza kumwambia shangazi hapana, naye alikuwa ameacha kusema. Baba alirudi kazini, akanawa, akala, akakaa kwenye kiti chake akiitazama mbabula, jiko letu la bati, makaa yake yakizimika. Hakugonga tena sufuria wala ukuta. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wanasema. Nilikisikiliza kimya chake kila jioni nikingoja mshindo, na kila jioni nililala kabla haujaja.

Ndipo mupe alipoleta ile filamu. Aliipata kutoka kwa mwenzake aliyekuwa amepita Japani, mikebe ya bati iliyochubuka, na kama alivyozoea alimwita baba Jumamosi waitazame wawili ili baba ajue atakachosema kesho yake. Niliwapelekea chakula, nikawakuta wamekaa kwenye giza la chumba, mapazia yamefungwa. Mupe alikuwa anaeleza kwamba hii si hadithi moja. Ni vipande vitano, alisema, maisha ya kila siku ya watu wa mji mmoja mdogo, kila kipande na watu wake, hawajuani, usiwaunganishe. Kipande cha mwisho kilipokwisha baba hakuinuka. Mupe aliwasha taa, akamtazama, akamwambia kwa upole, "Ngoie, uko na kilio. Kesho pumzika, nitasema mimi." Baba alikunja kitambaa cha chakula mara kadhaa. "Hapana, mupe," alisema. "Nitasema mimi." Nilishangaa kidogo kusikia sauti yake imetoka nzima. Niliichukua sahani yangu nikaenda zangu.

Jumapili ile ilikuwa ya mwisho kwangu, maana shangazi alikuwa ameshafunga mizigo na treni ilikuwa ya Jumatano. Alikuja uwanjani naye, akakaa mbele kabisa kando ya Mama Otilia, mgongo wima, kwa kuwa hakuwa amewahi kuona sinema na hakutaka ijulikane. Mimi nilikuwa juu ya kichuguu, nimejifunika blanketi la mama. Jenereta likanguruma, vumbi likaungua, na pazia likajaa mapaa ya nyumba, mengi, yamebanana, na mto mwembamba katikati. Mtu mmoja aliyekuwa na mkokoteni wa kuuzia tambi za supu aliuegesha, akafika nyumbani kwake, akavua viatu mlangoni. Ndani hamkuwa na kiti hata kimoja. Mikeka ilitandikwa kutoka ukuta hadi ukuta, na watu wamekaa chini, wazee kwa watoto, wakila kimya, macho kwenye bakuli. Kisha ikaonyeshwa nyumba ya pili: viatu mlangoni, mikeka, watu chini. Na ya tatu. Niliwaona wanaume wakitoa mikono mifukoni na mmoja akivua kofia. Halafu Mama Otilia akapaza sauti iliyosikika mpaka kwa mupe: "Yoo! Bantu bote beko chini ku mikeka! Iko kilio! Ni nani alikufa?"

Mupe alicheka kidogo, akamgeukia baba amsahihishe. Ilikuwa kazi rahisi, angesema tu kwamba huko Japani watu hukaa hivyo siku zote, wakiwa na furaha na wakiwa na huzuni. Kipaza sauti kilikoroma. Baba alikisogeza karibu na mdomo. "Ndiyo," alisema. "Iko kilio. Mama moya alikufa mu ile muji. Bantu bote banamulilia." Mtu akauliza mbona hawalii. "Banalia," alisema baba. "Kwabo banalia kinywa ya kufunga." Nilisikia akina mama wakiguna pamoja, mguno ule wa chini wa kupokea habari ya msiba, na Mama Otilia akalegeza kitambaa chake cha kichwa kama mtu anayeingia kwenye nyumba ya marehemu. Nami, juu ya kichuguu, niliutazama mji ule kwa mara ya kwanza kwa macho yangu mawili. Mji mzima umekaa mkekani, hakuna anayelia, na hakuna anayemfinya mwenzake. Nilipaona ni mahali ningeweza kuishi.

Baba hakumtii mupe. Alivifunga vipande vyote vitano kwenye maiti moja ambayo haikuwamo katika filamu. Muuza tambi, ambaye kwenye picha alikuwa amepoteza filimbi yake ya kuitia wateja na anaitafuta kando ya mto, baba alisema anaitafuta kwa sababu marehemu aliipenda sauti yake, alikuwa akisema sasa ni saa ya kuwasha moto. Majirani wawili waliogombania majani ya mti yaliyoangukia uani, baba alisema walikuwa hawajasalimiana miaka mingi na ni yule mama aliyekuwa akiwapatanisha kwa kuwapelekea wote chumvi. Mwavuli uliopita mkono kwa mkono kwenye mvua, kutoka kwa mwanafunzi mpaka kwa mwenye duka mpaka kwa kipofu, ulikuwa wa marehemu, na kila mtu alikuwa anajaribu kuurudisha. Mzee na mkewe waliokwenda kupigwa picha walikuwa wazazi wake. Katika picha walikuwa wanacheka kwa sababu mpiga picha alijikwaa, na baba alisema, ndiyo, hata ku kilio bantu banacheka. Sikumbuki kama alitaja jina. Ila alisema yule mama alikuwa anapanga sufuria kubwa chini na ndogo juu, na alikuwa anamcheka mume wake. Mupe aliacha kucheka. Alikaa kando ya mashine yake, mikono magotini, akitazama mbele. Wiki nyingi baba hakuwa amesema juu ya mama neno moja nyumbani, na sasa alikuwa anamsimulia kwa kambi nzima kupitia jenereta. Nilielewa hivyo. Nilielewa vizuri sana, na moyo wangu ulikaa pale pale.

Kipande cha mwisho kilikuwa cha fundi viatu na binti yake. Baba hakuhitaji kueleza ni nani, uwanja ulikuwa umeshajua: huyu ndiye mfiwa, na yule ndiye mtoto. Walikula wawili, bakuli la tatu limewekwa tupu. Alikuja mwanamke mrefu na kifurushi. Wakaenda stesheni. Mtoto akapanda treni na yule mwanamke, akaweka uso dirishani, na fundi viatu akasimama chini ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Mimi nilimtazama mtoto yule, naye alikuwa anatazama kofia. Filimbi ya treni ikalia katika filamu. Mdomo wa fundi viatu ulikuwa umefungwa, picha ilimkaribia mpaka tukaona nywele za pua, na mdomo umefungwa. Ndipo baba akasema, taratibu, kila neno peke yake: "Tata yake anasema: mutoto wangu, shuka. Shuka, turudie ku nyumba."

Treni ya filamu ikaanza kutembea. "Shuka!" Mama Otilia alipiga kelele. Kisha wengine wakadaka, akina mama kwanza, halafu wanaume kule nyuma, halafu watoto wote wa kichuguuni walionizunguka, uwanja mzima umesimama unaiambia picha ya mtoto wa Kijapani shuka, shuka, shuka, na wale waliokuwa wanapiga kelele karibu nami walikuwa wananitazama mimi. Shangazi Sabina peke yake hakusimama. Treni ilizidi kuwa ndogo kwenye pazia. Mupe alizima taa ya mashine kabla maandishi ya mwisho hayajaisha, na watu wakakunja mikeka bila kuuliza mtoto alienda wapi. Ilikuwa mara ya kwanza.

Nyumbani shangazi aliwasha mbabula, akaweka maji. Baba alikaa kwenye kiti chake. Nilijilaza kwenye mkeka wangu nyuma ya pazia la mlango, nikiwa nimefumbua macho. "Ngoie," alisema shangazi, "ile maneno ulisema kule, ulikuwa unaambia nani?" Baba alivua kiatu kimoja. "Ni ule Mujaponi, yaya. Ni yeye alisema." Shangazi alikoroga makaa. "Mie niliangalia kinywa yake," alisema. "Haikufunguka." Nilingoja. Kama kulikuwa na saa ya mshindo, ilikuwa hiyo. Dada yake alikuwa ameufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe na kusimama kando. Nilimsikia baba akivuta pumzi, kisha nikasikia kiti kikilia, ameinuka kwenda kulala. Watu husema ahadi ni deni. Lakini ahadi aliyoitoa mtu kwa mdomo wa mwingine, ni nani atakayeidai?

Jumatano stesheni ilijaa. Nusu ya wanawake wa kambi walikuja, wakisingizia kuniaga, na nilijua wamekuja kumtazama baba mdomo. Mama Otilia aliniletea karanga za kukaanga kwenye karatasi, zikiwa bado za moto. Shangazi alinikalisha dirishani, yeye mwenyewe hakukaa. Alisimama mlangoni mwa behewa ameshika chuma, nusu yake ndani, nusu nje, hata mzungu wa stesheni alipomfokea. Baba alikuwa kazini siku ile. Hakuvaa koti wala kofia, alivaa nguo zake za kazi, na mkononi alikuwa na nyundo. Alikuja kutoka mwisho wa treni, akigonga gurudumu moja baada ya jingine, na yote yakalia. Akafika kwetu. Akainama chini ya dirisha langu, nikaona tu mgongo wake na kisogo. Akagonga. Gurudumu lilikuwa zima. Hata mimi nililisikia, lililia safi, ukasikika mlio mrefu kwenye sakafu ya behewa na kwenye nyayo zangu. Akagonga tena gurudumu lile lile. Hakuwahi kugonga mara mbili. Alitega sikio akabaki ameinama mpaka Mama Otilia akaacha kutafuna. Ilitosha ainue mikono yote miwili. Hakuna ambaye angemuuliza, kwa sababu katika stesheni ile nzima hakuna mwingine aliyeaminiwa sikio. Kisha akasimama, akanitazama, uso wake umelowa, akainua mkono mmoja tu, ishara ya kwamba njia iko salama. Hakuweza kusema uongo juu ya gurudumu. Filimbi ikalia, shangazi akaingia ndani, na tukaondoka. Karanga zilikuwa bado na joto mapajani mwangu, nikazila.

Ankoro nilikaa mpaka nikaolewa. Nililelewa vizuri, nikafundishwa kulima, kusuka, kuongea na wakwe, na machozi nilijifunza pia, yale ya adabu yanayoanza mlangoni. Shangazi alipozeeka na mimi nikiwa namwogesha, aliniambia jambo moja bila kuulizwa. "Nilimungojea tata yako, Veronika. Siku ile ku treni. Angesema hata neno moya, ningekushusha." Nilimmiminia maji mabegani. Nilimwambia najua.

Niliporudi mjini na mume wangu, nchi ilikuwa imepata bendera nyingine na mji ulikuwa unajiandaa kupata jina lingine. Baba alikuwa na mke, mtu mwema, na alikuwa ameacha sinema tangu Jumapili ile. Kipaza sauti walipewa wengine waliosema mambo kama yalivyo, na watu wakapungua uwanjani. Alikuja kumwona mtoto wangu wa kwanza. Alimgonga kwa kidole kwenye paji la uso, polepole, akatega sikio. "Iko muzima," alisema. Tulikunywa chai. Hatukuzungumza juu ya mji ule wala juu ya treni, siku hiyo wala nyingine, na sasa amelala kaburini na jambo lake.

Leo stesheni ipo, treni huja zikitaka, na sijui kama bado kuna mtu anayegonga magurudumu. Kichuguu kilifyatuliwa matofali. Sinema imeingia mfukoni. Kila mtu ana yake, ameziba masikio kwa waya, na hakuna anayeuliza mtu wa kwenye picha ni ndugu wa nani. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Kulikuwa na moshi. Lakini nimewahi kuona uwanja mzima ukisimama kumtetea mtoto mmoja, ingawa ulipomfuata mpaka stesheni ulinyamaza.

Kitukuu changu Nadège hajaanza shule, naye hukaa kifuani pangu na simu ya mama yake. Juzi aliangukia filamu ya Japani. Watu walikuwa wamekaa mkekani kuzunguka meza fupi, mwanamume na binti yake, wanakula. Maneno ya Kifaransa yalipita chini, madogo mno kwa macho yangu. "Kambo," aliuliza, "ule tata anasema nini?"

Nilimtazama yule mtu. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye bakuli.

"Anasema: mutoto wangu, shuka, turudie ku nyumba."

Nadège alisogeza simu karibu na pua yake, akachunguza. "Lakini beko paka banakula. Kinywa yake iko ya kufunga."

"Ndiyo," nilimwambia. "Niongezee sauti."